Miaka 14 na Prado 95, sasa nimehamia 150: mrejesho wa mpima ardhi

#1 Mpima_Viwanja (mleta uzi)

Wakuu, habari za asubuhi. Kuna watu niliwaahidi mrejesho tangu nilipouliza humu habari za Prado, na wengine wamenitumia ujumbe wa faragha zaidi ya mara moja. Nimeona nifungue uzi wake kabisa. Ni mrefu, kwa sababu nimekaa na gari moja miaka 14 na sitaki kulizungumzia kwa mistari mitatu.

Mimi ni mpima ardhi. Mwaka 2010 nilinunua Prado KZJ95 ya 1998, dizeli, injini 1KZ-TE ya cc 2982, otomatiki. Kwa wasioijua, kizazi hicho kilitoka 1996 kikakoma 2002. 95 ndiyo ya milango mitano, 90 ni ile fupi. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Tabata aliyekuwa amestaafu. Alinikabidhi kadi, funguo mbili, na daftari la shule lenye kila sevisi aliyoifanya kwa mwandiko wake mwenyewe. Halafu akasema, "Mwanangu, hii usiipe maji ya kisima hata siku moja." Nikaitikia kwa heshima tu. Ilinichukua miaka mitatu na silinda hedi moja (kile kifuniko cha juu cha injini) kumwelewa.

Kazi yangu ilikuwa kufika kabla ya barabara. Madale, Mabwepande, Msongola, Chanika ya ndani, Kimbiji, Buyuni. Kwingi mnakofika leo kwa bajaji sisi tulifika kwa kufuata njia za wachoma mkaa, nyuma wamejibana vijana watatu, tripodi, saruji ya bikoni (alama za mipaka ya viwanja) na madumu ya maji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande mwanzoni mwa 2012, nami nikawa naingia huko karibu kila wiki. Ukiiacha lami pale Bunju, mbele yako ni mfinyanzi uliokatwakatwa na malori, mifereji ya matairi ina kina cha goti. Siku ya kwanza nilisimama, nikavuta kile kirungu kifupi hadi LL (gia nzito, magurudumu ya mbele na ya nyuma yamefungwa yazunguke pamoja), taa ya difu ya katikati ikawaka, nikaachia breki. Sikukanyaga mafuta kabisa. Gari likajivuta lenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea, dizeli inanguruma chini chini, likatokea ng'ambo. Vijana nyuma kimya. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia tena kwamba mwanamke atafute gari dogo.

Ndiyo iliyotupeleka Korogwe kumzika baba. Ndiyo iliyomleta kitinda mimba wangu nyumbani kutoka hospitali. Kuna mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma ambao sikuwahi kuupiga rangi, kwa sababu baba ndiye aliyeugonga kwenye mwembe akiwa ananifundisha kurudi nyuma na tela.

Kilichonitoa ni hiki. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini pale Somanga. Mimi nilikuwa upande wa Kilwa, natoka kazini. Tulilala barabarani, na njia ya muda ilipopatikana ikawa foleni ya kusogea hatua kwa hatua juani. Kabla sijafika Ikwiriri mshale wa joto ukapanda. Nilizima papo hapo, lakini mshale wa Toyota hukaa katikati muda wote; ukishauona unaondoka pale, jua maji yamechemka kitambo. Hedi ya pili ikapasuka.

Hiyo isingenitoa. Hedi inatengenezeka. Lakini fundi wangu alipolipandisha gari juu aliniita, akanipa tochi, akaanza kugonga chasisi kwa bisibisi. Pale zinapokaa springi za nyuma chuma kilikuwa kinabonyea. Miaka yote ya Kimbiji na Buyuni, upepo wa bahari na tope la chumvi, ilikuwa inakula taratibu mahali nisipopaona. Aliniambia anaweza kuweka viraka. Nikamuuliza, "Kaka, ungempakia mwanao?" Akanyamaza. Nikaelewa.

Basi nikakaa na madaftari yangu ya safari. Mimi huandika kilomita za kila kazi kwa sababu ya malipo, kwa hiyo haikuwa kubahatisha. Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya mizunguko yangu ilikuwa nje ya lami. Mwaka jana haikufika robo. Goba lami, Madale lami. Nilikuwa natafuta gari la barabara ambazo hazipo tena. Hilo lilinifanya nibadilishe orodha yangu yote.

Nimechukua TRJ150 ya 2012, TX, petroli cc 2700. Iko mkononi tangu Januari. Ulizeni, nitajibu kwa ninachokijua.

#2 Mtu_wa_Ng'ambo

Dada hongera sana, na pole na hiyo chasisi. Mimi naishi Kigamboni, najua chumvi inavyokula. Sasa nieleze: umetoka dizeli ukaingia petroli? Prado bila dizeli mimi sijaizoea. Kwa nini hukutafuta ile dizeli ya 3.0, D-4D?

#3 Mpima_Viwanja

Kaka, nilianza na wazo hilo hilo. Nikagundua jambo ambalo madalali wa yadi hawalisemi vizuri.

Prado 150 ilitoka 2009. Japani walianza kuiuza ikiwa na petroli tu: 2.7 ambayo ni 2TR-FE, na 4.0 V6 ambayo ni 1GR-FE. Dizeli kwa soko lao ilirudi Juni 2015, ile 2.8 ya 1GD-FTV. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni 150 ya 2012, dizeli, imetoka Japani moja kwa moja", uliza maswali. Dizeli 3.0 za miaka hiyo, yaani 1KD-FTV, zinatoka masoko mengine, Uingereza kwa mfano. Nilizikagua mbili za Uingereza. Huko wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na mimi nilikuwa natoka kwenye kilio cha chasisi. Sikuweza kurudi palepale.

Soma herufi za mwanzo za namba ya chasisi usidanganywe: TRJ ni 2.7 petroli, GRJ ni 4.0, KDJ ni 3.0 dizeli, GDJ ni 2.8 dizeli.

Ile 2.8 ni injini nzuri sana, nimeiendesha ya mwenzangu. Nguvu unaipata ukigusa tu, na ina gia sita. Lakini ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na zile za Japani zinahitaji pia maji ya urea. Chujio lile hujisafisha kwa kuunguza masizi, na ili liungue vizuri gari linataka mwendo mrefu wenye joto. Mimi asubuhi natoka Kimara hadi Posta kwenye foleni ya saa nzima na zaidi. Mazingira hayo ndiyo yanayoliziba. Ukiwa unakwenda Mbeya kila wiki, usinisikilize, chukua GDJ.

Kingine, 2TR iko kwenye Hilux, Fortuner na Hiace za petroli. Spea zake ukienda Ilala au Gerezani hupewi tarehe ya kusubiri.

#4 Spana_17

Naomba niongeze kama fundi, maana nimefungua hedi za 1KZ nyingi na kila mara mwenye gari analaumu injini.

Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na haina uvumilivu na joto. Hilo kweli. Lakini nyingi zinazoletwa kwangu zimeuawa na mambo matatu. La kwanza ni maji ya kisima. Visima vyetu Dar vingi vina chumvi, inajenga magamba ndani ya rejeta na kwenye njia za maji za hedi, na gari linaanza kuchemsha kidogo kidogo bila mshale kuonyesha. La pili, kung'olewa themostati, ile vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta. Kuna imani mtaani kwamba ukiitoa injini inapoa. Themostati hizi zinapofunguka huwa zinaziba na ile njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umeharibu ukidhani umetengeneza. La tatu ni kile kikombe cha mafuta mazito katikati ya feni. Kikichoka feni inazunguka kivivu. Kwenye mwendo hutajua, kwenye foleni ndipo hedi inapasuka.

Dada amesema alikuwa anasogea hatua kwa hatua juani. Mimi ningeanzia kwenye feni.

Na kwenye 150 usijidanganye kwamba umepumzika. Sikiliza usukani, zinavuja kwenye reki. Bushi za mikono ya chini mbele zinaisha. Na hizi za Japani 2TR zina pampu ya hewa inayosukuma hewa kwenye ekzosi injini ikiwa baridi. Ikipata unyevu inakufa, taa ya cheki injini inawaka na gari linakataa kuvuta. Wengi wanaambiwa wabadilishe gia boksi, na tatizo ni ile pampu.

#5 Mpima_Viwanja

Spana_17, ahsante sana. Kuhusu feni umesema kweli, fundi alikuja kuikuta imelegea. Laiti ningeuliza mapema. Naomba wote wenye 1KZ humu mshuke mkaguze feni zenu wiki hii, na mfunge geji ya pili ya joto inayosoma kwa namba. Bei yake hata haifananishwi na hedi.

#6 Mama_Kelvin_Goba

Shoga, kwanza nimefurahi kuona mwanamke anaongoza uzi wa magari hapa. Sasa twende kwenye hela. Ilikugharimu kiasi gani mpaka namba? Na TRA walikupigaje?

#7 Mpima_Viwanja

Mama Kelvin, nakuwekea wazi. Jumla mpaka naitoa na namba ilinifikia karibu milioni 82. Nusu na ushee ni kodi.

Hesabu inakwenda hivi. TRA hawatumii risiti yako peke yake, wana kikokotoo chao cha magari ya mtumba mtandaoni, chenye thamani waliyoipanga wao kwa aina na mwaka. Anza huko kabla hujatuma hata senti Japani. Juu ya thamani hadi bandarini unaweka ushuru wa forodha asilimia 25. Kisha ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini iliyozidi cc 2000 ni asilimia 10. Kisha uchakavu: gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30. Halafu VAT asilimia 18 juu ya mkusanyiko wote huo. Angalia zinavyopandana. Gari la thamani ya 100 hadi bandarini linafika 125 baada ya forodha; asilimia 10 na 30 za hiyo 125 zinaongeza 50; sasa ni 175; VAT inaongeza 31.5. Umefika 206.5 na bado kuna tozo ndogondogo, bandari na wakala. Ndiyo maana mtu anasema "nimeiona mtandaoni kwa milioni 40" halafu anakwama.

Hapa nina uchungu kidogo nauweka mezani. Uchakavu unamwadhibu mtu wa kipato cha kati anayenunua cha miaka 12, wakati mwenye uwezo wa kununua cha miaka mitano analipa asilimia ndogo ya kitu kikubwa. Naelewa nia ya kupunguza magari mabovu barabarani. Ila chasisi bovu inapimwa kwa jicho na nyundo, mwaka wa kutengenezwa hautoshi. Gari la mzee wa Tabata lilikuwa na miaka 12 siku nililonunua na lilikuwa safi kuliko mengi ya miaka sita.

Bima nayo jiandae. Kwa 95 nilikuwa nalipa bima ndogo. Kwa hii nimekata bima kubwa, na inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo ni fungu la kila mwaka, usilisahau kwenye mipango.

#8 Msafiri_wa_Kusini

Mpima, kwa heshima zote, hapa umekosea hesabu. Mtu wa kazi za porini angechukua mkonga. Land Cruiser ya 70, 1HZ, silinda sita, cc 4164, haina turbo, haina takataka za sensa. Unapita nayo hata kwenye mto, ikikwama Liwale fundi wa baiskeli anaifungua. Hizo Prado mpya ni magari ya harusi.

#9 Mpima_Viwanja

Kaka, mkonga nauheshimu. Nimeufanyia kazi miaka ya mwanzo, wa ofisi, na sijawahi kuona ukishindwa. Ningekuwa naishi Liwale nisingefikiria mara mbili.

Lakini mkonga mzuri leo bei yake haishuki, mashirika na kampuni za utalii wanaugombea. Na mwanangu wa kwanza ana matatizo ya mgongo. Springi za majani kwa kilomita 300 ni mateso kwake. Hilo limeamua zaidi ya injini. Kila mtu ana mtu mmoja kwenye familia ambaye gari linachaguliwa kwa ajili yake, hata kama hasemi.

Kuhusu "magari ya harusi", subiri nirudi. Naelekea Mloka wiki ijayo.

#10 Kijana_wa_Tegeta

Mimi niliuza Prado RZJ95 yangu, ile 95 ya petroli, 2021 nikachukua gari la chini la kisasa. Nimejuta. Kila masika naegesha kwa jirani natembea na viatu mkononi. Dada umefanya vizuri kubaki kwenye Prado. Ile ya zamani umeipeleka wapi? Usiniambie kwa wauza vyuma chakavu.

#11 Mpima_Viwanja

Hapana, isingewezekana.

Nilikataa ofa mbili za watu waliotaka kuichinja wauze injini na milango. Nilimwambia kila aliyekuja kuhusu chasisi, nikamshikisha tochi mwenyewe. Wengi waliondoka. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa Mkuranga, ana shamba la mikorosho, na kaka yake ni mchomeleaji anayefanya chasisi za malori. Waliikagua saa nne. Kaka mtu alilala chini ya gari akawa anapima kwa rula na kuandika ukutani kwa chaki. Nikaona hawa wanajua wanachokichukua. Tulikubaliana milioni 11, hedi ikiwa tayari mpya. Ningeweza kupata 17 au 18 kwa mtu asiyejua kuangalia chini. Sikutaka kupokea simu ya msiba.

Nilimkabidhi madaftari mawili, la mzee na langu. Nikamwambia habari ya maji ya kisima.

Siku alipoondoka nalo watoto walisimama getini hadi lilipokata kona. Nami nilisimama. Sina la kuongeza hapo.

#12 Mpima_Viwanja

MREJESHO WA MLOKA

Nimerudi, nimelala, sasa naandika. Msafiri_wa_Kusini soma hapa.

Lami hadi Kibiti, kisha unaingia njia ya Mloka, ile inayokwenda lango la Mtemere la Hifadhi ya Nyerere. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Anayeijua njia hiyo anajua ule udongo mweusi: ukiwa mkavu ni saruji, ukilowa ni ugali. Nilikuwa na vijana wawili na vifaa vyote.

Kwenye lami kwanza niseme ukweli. Petroli 2.7 ina nguvu farasi 163 na inasukuma gari la tani mbili na zaidi, kwa gia nne. Dizeli yangu ya zamani ilikuwa inavuta kuanzia mizunguko 2000 ya injini kwa dakika. Hii lazima uipeleke karibu 4000 ndipo ijitoe. Kupita lori ni jambo la kupanga mapema. Mara mbili nilianza kupita nikarudi. Anayetaka kukimbia anunue 4.0 na awe na uhusiano mzuri na kituo cha mafuta. Mimi mjini napata kilomita 6 na nusu hadi 7 kwa lita, safari 9. Zamani nilikuwa napata 9 mjini na 11 safarini, tena za dizeli. Sikufichi, kwenye mafuta nimepoteza.

Lakini utulivu! Usukani hautangatangi, breki zinashika sawa, unasikia mwenzako anavyoongea bila kupaza sauti. Nilifika Kibiti sina maumivu ya mabega. Miaka 14 nilidhani maumivu yale ni ya kazi.

Sasa tope. Kilomita chache baada ya kuingia ndani kuna bonde, Canter ya magunia ilikuwa imelala upande mmoja, nafasi iliyobaki ni ukingo wenye mteremko. Nikafunga difu ya katikati, nikaweka L4, ile gia nzito. Nikaingia kama nilivyozoea kwenye 95: gurudumu likianza kuteleza, unaachia mafuta, unalipa nafasi lishike. Nikakwama katikati. Tairi la nyuma kushoto linazunguka, la mbele kulia hewani nusu.

Nilikaa kimya kidogo. Nikakumbuka maneno ya kijana aliyeniuzia tairi: "Mama, hii ukiiachia mafuta unainyima kazi." Gari hili lina mfumo wa umeme unaolishika kwa breki gurudumu linaloteleza, ili nguvu ihamie kwa yaliyoshika. Ukiachia mafuta, mfumo hauna nguvu ya kuhamisha. Nikakanyaga kwa upole na nikashikilia hapohapo. Ikaanza kelele ya krrr krrr krrr chini ya miguu, kelele ambayo siku nyingine ningedhani kuna kitu kimevunjika. Sekunde mbili, tatu, hakuna kitu. Kisha likaanza kupanda, inchi kwa inchi, likatoka.

Mguu wangu wa kulia una mazoea ya miaka 14 na mazoea hayo ndiyo yaliyonikwamisha. Nilirudi nikapita bonde lile mara ya pili kwa makusudi, vijana wakiwa wamesimama pembeni, ili mguu ujifunze. Mara ya pili halikusimama hata kidogo.

Kwa hiyo je, 150 inakwenda inakokwenda 95? Kwa nilichokiona, ndiyo, na kwenye utelezi inakwenda kwa urahisi zaidi. Tofauti iko kwenye siku ya kuharibika. 95 ikizima porini nilikuwa na orodha kichwani: filta ya dizeli, hewa kwenye paipu, waya wa solenoidi ya pampu, betri. Hii ikizima nahitaji mashine ya kusoma makosa. Nimenunua ndogo inayounganishwa na simu, inakaa kwenye droo ya dashibodi pamoja na fyuzi. Haitoshi, najua. Ndiyo maana sasa safari za ndani siendi peke yangu.

#13 Msafiri_wa_Kusini

Nimesoma yote. Neno "harusi" nalirudisha. Mkonga wangu siuzi, ila hapo kwenye kushikilia mafuta umenifundisha kitu, mke wangu ana 150 na kila siku nilikuwa namwambia aachie.

#14 Mtu_wa_Ng'ambo

Maswali madogo. Tairi ulizoweka saizi gani? Redio umefanyaje? Na vioo?

#15 Mpima_Viwanja

Tairi: za 95 zilikuwa 265/70R16, hizi ni 265/65R17. Kwa hiyo rimu zako za zamani na seti yako ya tairi za tope haviji huku, panga bajeti mpya. Mimi nimeweka za mchanganyiko, lami na vumbi, kwa sababu ile robo yangu ya nje ya lami haihitaji tairi za tope tupu zinazopiga kelele Kimara hadi Posta.

Redio za Japani za miaka hiyo zinaishia 90 kwenye FM, stesheni nyingi za Dar hutazipata. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa, lakini mimi nilibadilisha redio nzima, maana na ile ramani ya Kijapani haikuwa na faida kwangu.

Vioo vya pembeni, taa za mbele na za nyuma: andika namba ya gari kwenye kila kimoja wiki hiyohiyo unayolitoa. Usisubiri mwisho wa mwezi. Prado ndiyo wanayoitafuta.

#16 Mama_Kelvin_Goba

Shoga, nimepata moja yadi ya Barabara ya Nyerere, TRJ150 ya 2011, rangi ya lulu, kilomita 68,000 kwenye dashibodi. Dalali anasema inaondoka kesho. Moyo unanidunda. Naomba ushauri haraka.

#17 Mpima_Viwanja

Mama Kelvin, tulia. Ikiondoka kesho itakuja nyingine.

Mwombe karatasi ya mnada ya Japani. Ikiwa na alama R au RA maana yake iliwahi kupata ajali ikatengenezwa, na kilomita zilizoandikwa pale zilinganishe na za dashibodi. Kama hana karatasi, angalia kanyagio la breki, usukani na kiti cha dereva ukingo wa kulia. Gari la kilomita 68,000 halina kanyagio lililolika hadi kung'aa. Liwashwe likiwa baridi kabisa, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja uhakikishe. Cheki injini iwake ukifungua swichi na izime baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa imetolewa. Weka L4 na ufunge difu papo hapo yadini, taa ziwake zote, kwa sababu vimota vya kubadilishia hukwama gari likikaa miaka bila kuvitumia.

Na chini. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chasisi nzima usiipende, iulize inaficha nini. Gari lililoishi Hokkaido, kaskazini mwa Japani kwenye theluji, au kandokando ya bahari linaonyesha kwanza kwenye viungio vya nyuma, palepale paliponiumiza mimi.

Jumamosi sina kazi ya nje. Nitafute saa mbili asubuhi kabla jua halijapasha maboneti, tukutane hapo yadini. Spana_17, kama una nafasi njoo na jeki yako. Mimi nitakuja na tochi, bisibisi na kanga ya kulalia chini.

#18 Spana_17

Nipo. Mama Kelvin usitoe hata elfu kumi ya kushikilia gari kabla hatujafika.